Samaki wa Kumi

Katika miaka thelathini ya upelelezi, ishirini na sita akiwa askari na minne akijitegemea katika chumba kimoja juu ya duka la vitenge Kariakoo, Zamda Mrisho alikuwa ameletewa vielelezo vya kila namna: visu, barua za mapenzi, kufuli zilizovunjwa na, safari moja, meno ya bandia. Lakini mteja wa kumwekea mezani samaki mfu ndani ya chupa ya jemu hakuwahi kumpata mpaka Ijumaa ile, saa tatu kasoro asubuhi, kabla hata chai yake haijapoa.

"Huyu anaitwa Mhasibu," alisema mzee Bushiri kwa sauti ya matangani. "Amefariki jana."

"Mhasibu wa wapi?"

"Wa Upanga. Wa nyumbani kwa Bwana Rogath."

Zamda aliigeuzageuza chupa. Ndani yake samaki mwekundu, urefu wa kidole gumba, alikuwa amelala ubavu. Bushiri mwenyewe hakuhitaji kutambulishwa. Nani katika Mtaa wa Narung'ombe asiyemjua mzee huyu wa Magomeni, mwenye kofia iliyofuliwa mpaka nakshi zikakata tamaa, anayeuza samaki wa mapambo kwenye kibaraza cha duka la sufuria? Alikuwa pale mwaka wa kumi na tisa sasa. Duka lilikuwa la Rogath, mtu wa Kilimanjaro anayeuza vyombo kwa jumla, na kibaraza nacho kilikuwa cha Rogath.

"Alinijia naye jana jioni, mbele ya wateja," Bushiri aliendelea. "Anasema chakula nilichomuuzia mkewe nimekitia sumu. Samaki wake watano wamekufa. Kanipa mpaka kesho saa sita mchana niwe nimeondoa vitu vyangu. Dada Zamda, nikitoka pale nitakwenda wapi na yale matangi? Kariakoo hii hata kivuli kina mwenyewe."

"Na kwa nini umtilie sumu mtu anayekupa kibaraza?"

"Ndicho nilichomuuliza. Akasema na yeye ananishangaa."

Zamda aliangua kicheko, kisha akajizuia kwa heshima ya marehemu. Akavuta daftari.

"Umemuuzia samaki karibuni?"

"Wallahi, tangu mwaka jana hata mmoja. Mkewe, Mama Caroline, huja kununua chakula tu. Mara ya mwisho ni wiki tatu hivi zilizopita."

Zamda akaandika: samaki, hakuna, chakula, wiki tatu. Kisha akachukua mtandio wake, kioo chake cha kukuzia na ile chupa, wakashuka ngazi pamoja. Huwezi kupeleleza kifo cha kiumbe usichokijua, na yeye samaki alikuwa akiwajua kwa nazi tu.

Kibaraza cha Bushiri kilikuwa kimebanwa kati ya mlima wa masufuria na mlango wa duka. Palikuwa na matangi sita ya kioo, mapipa mawili ya maji yaliyofunikwa kanga kuukuu, na ndoo, na makopo, na mapovu yakipanda kila mahali. Mkokoteni ulipita, msukumaji akapiga mluzi, na samaki wote wakageuka upande mmoja.

"Maji ya mapipa haya yamelala," Bushiri alieleza. "Ya bomba yana dawa, ukiwatilia moja kwa moja unawaunguza. Lazima uyalaze siku nzima. Na samaki mgeni naye namlaza. Akifika kutoka kwa wauzaji wakubwa, anakaa peke yake wiki mbili kwenye tangi lile la mwisho, namtazama. Ndiyo maana simuuzii mtu ugonjwa."

"Haya. Huyu Mhasibu amekufa kwa nini? Mwangalie."

Bushiri aliinamia chupa, akatikisa kichwa. "Maiti haina ushahidi hapa. Vidudu vya samaki vina tabia moja: mwenyeji akifa, vyenyewe vinahama. Inabidi uwaone walio hai, na mimi nimekatazwa kutia mguu Upanga. Lakini sikiliza. Ingekuwa sumu, wangekufa kwa mkupuo. Kimelea huua mmoja mmoja, na kabla hajaua, samaki hujikuna."

"Anajikuna kwa kidole gani?"

"Kwa ubavu, dada! Anajisugua kwenye mawe. Na ukimwona hivyo, mtazame ngozi. Ukiona kiuzi kinaning'inia, hiyo minyoo. Ukiona vumbi la rangi ya kutu, kama kajipaka poda, huo mwingine, mbaya. Ukiona punje kama za chumvi, basi ni madoa meupe. Hayo ndiyo ya kila siku, na yana dawa. Akikunja mapezi na kuhema juu juu, ujue yameingia mpaka kwenye mashavu, na hapo siku zake zinahesabika."

Zamda aliandika: kiuzi, kutu, chumvi. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akasimama, akanunua pakiti ya chakula.

"Na nyongeza, babu?"

"Nyongeza lazima, mjukuu wangu." Bushiri hakugeuka hata shingo. Alichovya kikombe kwenye ndoo ya bluu nyuma ya goti lake, akaibuka na kisamaki kisichozidi kucha, akakitia kwenye kikopo chenye mfuniko. Mtoto akakipokea kwa mikono miwili. "Sasa nilikuwa nasemaje?"

"Siku zake zinahesabika," Zamda akamkumbusha, akaita bajaji.

* * *

Mlango wa ghorofa ya tatu kule Upanga ulifunguliwa na Agnesi, mama wa makamo aliyekuwa akifanya kazi katika nyumba ile tangu Caroline hajaota meno, na sasa Caroline yuko chuoni.

"Karibu, dada. Pole na ngazi."

"Nimeshapoa. Habari za hapa?"

"Nzuri kidogo. Tuna wagonjwa."

Sebuleni palikuwa na baridi ya kutoa machozi. Zamda alijifunika mtandio mpaka kidevuni. Katikati ya baridi hiyo, mbele ya tangi kubwa la kioo, alikaa Rogath: kifua kipana, ndevu za siku tatu, na juu ya yote hayo sweta. Dar es Salaam, mwezi wa pili, mtu na sweta!

"Wewe ndiye mpelelezi aliyeajiriwa na muuaji?" aliuliza.

"Nimeajiriwa nitafute ukweli. Ukiwa upande wako, utakuwa wako bure."

Rogath alimpima kwa macho, akaridhika. Hakuwa mtu mkorofi, alikuwa mtu mwenye huzuni. Alinyanyuka na kumwonyesha kielelezo chake mwenyewe: pakiti ya chakula cha samaki, imefungwa kwa karatasi, imeandikwa tarehe, na kuhifadhiwa kwenye friza kati ya nyama na njegere.

"Umeiweka humu lini?"

"Jumatatu, walipokufa wawili wa kwanza."

"Tangu Jumatatu wamekula nini?"

"Mkate," alijibu Agnesi kutoka mlangoni. "Nawafikichia."

"Na tangu Jumatatu wamekufa wangapi?"

Rogath aliitazama pakiti. "Watatu."

"Basi, Bwana Rogath, muuaji hayumo kwenye friza."

Akamwacha aifunge friza polepole, yeye akasogea kwenye tangi. Ndani yake samaki wachache wekundu walikuwa wakitembea kivivu juu ya kokoto nyeupe. Mmoja, mkubwa kama kiganja cha mtu mzima, alikuwa juu kabisa, mdomo nje ya maji, anahema.

"Yule ni Meneja," Rogath alisema. "Ana miaka tisa. Nilimnunua siku duka langu lilipotimiza miaka kumi. Nikirudi jioni, kila mtu ananidai kitu: mafundi, watoto, shemeji. Meneja peke yake anakuja kwenye kioo kunisalimu na hataki chochote. Leo siku ya pili haji."

Zamda alitoa kioo cha kukuzia. Alikibandika kwenye tangi, akafumba jicho moja, akasubiri Meneja ageuke. Mzee huyo wa majini alipogeuka, ubavu wake wote ulikuwa na punje nyeupe, ndogo, zimetapakaa mpaka mkiani.

"Kama aliyenyunyiziwa chumvi," alisema.

"Chumvi!" Rogath alifoka. "Agnesi, nani kamwaga chumvi humu?"

"Chumvi ingeyeyuka, baba," alijibu Agnesi, bila hata kuacha kufuta meza.

Zamda alimtazama yule mama kwa heshima mpya. Askari wangapi aliofanya nao kazi wangefika kwenye jibu hilo kwa haraka kiasi kile? Akamkalisha kitini na kumhoji yeye kwanza.

"Ulianza kuona nini?"

"Jumapili ya juma lililopita. Walikuwa wanajisugua kwenye kokoto kama mbuzi kwenye ukuta. Nikasema wanacheza. Baadaye nikaona wamekunja mapezi, hawali. Baba alikuwa anatoka alfajiri, anarudi usiku. Alipojua, tayari wawili wameelea. Nimewazika kwenye vyungu vya mchicha, pale roshani. Mchicha umestawi, ila wa kuula hatupo."

"Hii siyo sumu," Zamda alitangaza. "Ni madoa meupe. Kimelea. Na kimelea hakidondoki kutoka darini. Kina mlango kilioingilia. Tuitafute milango yote. Majani haya?"

"Ya plastiki," alisema Rogath. "Tangu mwanzo."

"Wavu?"

"Wetu. Hatuazimi mtu."

"Maji?"

"Ya bomba, nayalaza kwenye pipa siku nzima," alisema Agnesi. "Hayachanganyiki na ya mtu."

"Samaki wapya?"

"Hakuna," wakasema wote wawili kwa pamoja.

Zamda aligonga kalamu kwenye meno. Milango minne, yote imefungwa kwa ndani. Macho yake yalitua kwenye kipimajoto kilichobandikwa ndani ya kioo: nyuzi ishirini na mbili. Kwenye matangi ya Bushiri alikuwa ameona ishirini na tisa.

"Hiki kiyoyozi ni kipya?"

"Kilikufa mwaka mzima," alisema Rogath, akichangamka kwa mara ya kwanza. "Fundi kakifufua wiki tatu sasa. Siku hizi nalala hapa hapa sebuleni. Nakiwasha usiku kucha, asubuhi nahisi kama niko kwetu Marangu."

"Na samaki nao wako Marangu."

Aliandika hilo pembeni, akalichora duara. Baridi ya usiku na joto la mchana vinaweza kumdhoofisha samaki, lakini haviwezi kumzaa kimelea. Bado alihitaji mlango. Na mpelelezi aliyekosa mlango hurudi kwenye jambo la kwanza alilofundishwa chuoni: hesabu watu waliomo ndani.

"Walikuwa wangapi kabla ya msiba?"

"Kumi na wanne. Wote nawajua kwa vyeo." Rogath akanyoosha vidole. "Waliofariki: Karani, Dereva, Mlinzi, Mpishi na Mhasibu."

"Wabaki tisa. Niitie majina, mmoja mmoja, unionyeshe."

Lilikuwa gwaride la ajabu. Rogath aliita, kidole kikifuata kwenye kioo, na Zamda akaweka alama daftarini. Meneja, juu, anahema. Katibu, nyuma ya jani. Mkaguzi, mwenye jicho moja. Msaidizi wa Kwanza na Msaidizi wa Pili, wanaofanana isipokuwa mkia. Fundi. Mesenja. Mapokezi. Na Mstaafu, aliyelala chini kama kawaida yake.

"Tisa," alisema Rogath. "Hawajapungua, ashukuriwe Mungu."

"Hawajapungua, ndiyo," alisema Zamda. "Na huyu?"

Kwenye kona, nyuma ya bomba la mapovu, kisamaki chekundu chenye ncha nyeusi mkiani kilikuwa kikinyofoa mkate kwa bidii. Kilikuwa kidogo kuliko wote, na kichangamfu kuliko wote. Kwenye pezi lake moja palikuwa na punje mbili nyeupe. Mbili tu.

Rogath aliinama. Akavua miwani, akaifuta kwenye sweta, akaivaa tena. Siku zote hizo alikuwa akihesabu waliokufa.

"Huyu... huyu hana cheo," alisema. Kisha uso wake ukafunguka, akashika kichwa kwa mikono miwili. "Kazaliwa! Agnesi, njoo uone! Katikati ya msiba Katibu kajifungua!"

Mlango wa mbele ulikuwa umefunguliwa wakati huo huo na mwanamke aliyebeba hotipoti la chakula. Ilimtosha kumwona Rogath akimnyooshea kidole kile kisamaki, na mwanamke huyo, badala ya kusalimu, alipita moja kwa moja jikoni na kuanza kufungua kabati zisizokuwa na shida yoyote. Zamda alimfuata.

"Mama Caroline?"

"Mektilda. Karibu, dada. Utakula?"

"Nitakula nikijua. Yule wa kona siye wa kuzaliwa."

Mektilda alikuwa mwanamke wa biashara, na watu wa biashara wanajua bei inapokuwa imefika mwisho. Akaweka hotipoti chini.

"Sikumnunua," alinong'ona. "Naapa, sijanunua samaki. Nilinunua chakula kwa mzee Bushiri, nikamwambia, na nyongeza yangu je? Mimi nikitoka dukani bila nyongeza usingizi hauji. Akanichotea yule. Nilipofika nikamtia ndani, nikaendelea na pilika zangu. Nikiulizwa samaki mpya, nasema hakuna, maana nyongeza siyo kununua. Nimekumbuka jana tu, Baba Caroline aliporudi amemfukuza mzee wa watu, na nikashindwa kusema. Atanielewaje? Mimi ndiye niliyemwingizia Meneja ugonjwa." Akajifuta macho kwa ukingo wa kitenge. "Mwache aamini amezaliwa, dada. Tafadhali."

* * *

Swala ya Ijumaa ilikuwa imekwisha na watu wamerudi madukani Zamda alipofika Narung'ombe. Bushiri alikuwa ameanza kufunga vitu. Makopo matupu yalikuwa kwenye boksi, na pampu moja ilikuwa imezungushiwa waya wake. Zamda alichuchumaa nyuma yake, akaivuta ndoo ya bluu mpaka penye jua, akaweka kioo cha kukuzia juu ya maji.

"Hawa wanatoka wapi?"

"Hao? Hao ni wa nyongeza tu. Wakubwa wanaponiletea mzigo, kuna wadogo wadogo wanaobaki chini, hawauziki. Nawatia hapo."

"Wanalazwa wiki mbili?"

Bushiri alicheka. "Wa nyongeza walazwe wapi? Hao hata hesabuni hawamo."

"Njoo utazame huyu wa ncha nyeusi. Pezi la kushoto."

Mzee alipiga magoti kwa taabu. Alitazama kwa muda mrefu. Wapiga debe walikuwa wakipaza sauti, mtu akamwita mara mbili aulizie bei ya tangi, hakujibu. Aliponyanyua uso, kofia ilikuwa imekaa upande.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema taratibu. "Maji yangu ni ya moto, kidudu kikawa hakifurukuti, sikukiona. Nimempa nani?"

"Mama Caroline. Siku ile aliponunua chakula. Kule kakutana na kiyoyozi, samaki wamedhoofika, kidudu kikaona nyumba iko wazi."

"Mungu si Athumani." Alikaa chini kwenye saruji. "Wanasema tenda wema uende zako. Mimi wangu umetoka hapa ndooni umekwenda kuua watu Upanga."

"Samaki, mzee Bushiri. Umeua samaki."

"Yeye anawaita Meneja na Mhasibu!"

Zamda alikaa karibu naye, jambo ambalo magoti yake hayakulifurahia. Alimwonea huruma waziwazi, na kazi yake haikumpa nafasi ya kuificha huruma hiyo kwa muda mrefu.

"Wewe ndiye mteja wangu," alisema. "Niliyoyaona ni mali yako. Rogath anaamini kile kisamaki kimezaliwa mle mle, na mkewe anaomba iwe hivyo. Kuhusu sumu nimeshamsafishia akili. Ukininyamazisha nitanyamaza, na pengine kibaraza kitabaki kwako. Ila sitasema uongo nikiulizwa. Amua."

Bushiri alilitazama lile tangi la mwisho, akalitazama duka, akatazama ile saruji aliyoikalia miaka kumi na tisa mpaka ikashika umbo lake.

"Meneja yukoje?"

"Yuko juu, anahema."

"Mapezi?"

"Ameyakunja."

"Basi hafiki Jumatatu." Akanyanyuka, akaanza kulifungua boksi alilokuwa analifunga. Alitoa hita, pampu ya pili, mpira wa kunyonyea uchafu, na mfuko wa chumvi ya mawe. "Nikinyamaza, sina njia ya kuingia mle ndani kumtibu. Nitamtibu kwa simu? Ita bajaji, dada, kabla moyo haujageuka."

* * *

Bushiri aliyasema yote akiwa amesimama mlangoni kwa Rogath, viatu mkononi, hita kwapani. Hakupamba. Alisema ndoo ya bluu, alisema nyongeza, alisema hakuwalaza kwa sababu hakuwahesabu. "Sumu sikutia. Lakini ugonjwa ni wangu, umetoka kwangu. Kesho saa sita nitakuwa nimetoka kibarazani, sina neno. Leo niruhusu nimshughulikie Meneja."

Rogath alikuwa amesimama katikati ya sebule na sweta lake, na hasira ilikuwa ikimpanda. "Kumi na tisa!" alisema. "Miaka kumi na tisa, mzee Bushiri, na wewe unaniletea..."

"Mimi ndiye niliyedai." Mektilda alikuwa ametoka jikoni. "Alikuwa ananipa chakula tu. Nikamwambia, na nyongeza yangu? Nikamleta mwenyewe, nikamtia mwenyewe. Kama ni kufukuza, Baba Caroline, tupange foleni."

"Na mwisho wa foleni usimame wewe," alisema Zamda, akikigonga kipimajoto. "Nyuzi ishirini na mbili. Nyongeza imefungua mlango, lakini aliyemtandikia mgeni kitanda ni hiki kiyoyozi chako."

Kiyoyozi kilinguruma. Meneja, juu ya maji, alifungua mdomo na kuufumba. Rogath alimtazama samaki wake, akamtazama mkewe, akaenda ukutani na kukizima kiyoyozi kwa mkono wake mwenyewe. Akavua sweta.

"Nini kinafuata?" aliuliza kwa sauti ya ukali.

Bushiri aliweka viatu chini. "Joto lipande polepole, nyuzi moja leo usiku, moja kesho, mpaka thelathini. Maji ya moto hewa yake kidogo, kwa hiyo pampu hii ya pili isizimwe hata dakika. Kila baada ya siku moja tunatoa robo ya maji, tunanyonya chini kwenye kokoto, maana hiki kidudu kikishiba kinaanguka na kuzaliana huko. Kile unachokiona mwilini hakifi kwa dawa. Kinakufa kikitoka kutafuta mwenyeji mpya. Ndiyo maana ni wiki mbili, na punje zikipotea siku ya nne usije ukasema kapona ukaacha. Hapo ndipo watu wengi wanapowaua. Maji utakayoongeza yawe yamelala, na chumvi yake ipimwe kwa maji hayo tu."

"Wiki mbili," alisema Rogath. "Kila baada ya siku moja."

"Ndiyo."

"Basi sikiliza. Kesho saa sita mchana sitaki kukuona pale kibarazani."

Agnesi aliyekuwa analeta ndoo akasimama. Mektilda akafumba macho. Bushiri aliinamisha kichwa, akasema, "Sawa, bwana."

"Saa sita utakuwa hapa, unampima Meneja joto. Mimi haya mambo ya nyuzi siyawezi, na huyu mwenzangu nimeshaona anavyoleta wageni. Pale kibarazani atakushikia yeye mpaka urudi. Ukimaliza unarudi mahali pako. Nani mwingine atauza samaki mbele ya duka langu?"

Bushiri alifungua mfuko wa chumvi, akachukua kijiko mkononi mwa Agnesi. Akajaribu kuchota. Kijiko kiligonga ndoo, kikagonga tena, chumvi ikamwagika zuliani, na hapo ndipo watu wote walipoona kwamba mzee analia, analia hasa, mabega yanatikisika, na kofia imeanguka.

Rogath alipiga goti pembeni yake. Akaokota kofia, akamvika. Akamtoa kijiko mkononi.

"Nihesabie," alisema. "Vingapi?"

"Tangi lina lita mia na ishirini. Kimoja kwa kila lita kumi. Sita leo... sita kesho. Viyeyuke kwanza kwenye ndoo."

"Kimoja," alisema Rogath, akachota.